Kujitunza Kila Siku kwa Hela Kidogo Hapa Mombasa: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Swali ninaloulizwa sana ni hili: mbona naanza kujitunza vizuri alafu wiki haiishi nimeshaacha? Mtu ananunua krimu ya uso, anapanga kuamka alfajiri akimbie, anapanga kunywa maji lita tatu, anapanga kuacha sukari, yote kuanzia Jumatatu. Usiku joto linamkesha, mbu wanamla, asubuhi kichwa kizito, anakimbilia matatu awahi feri ya Likoni kabla watu hawajajaa, na ile ratiba yote imekufa hapo hapo.

Wengi wanajilaumu kuwa ni wavivu. Si uvivu, ni mpangilio. Mtu asiyelala hawezi kushika ratiba yoyote, hata awe na nia ya chuma. Kwa hivyo hapa tunaanza na usingizi, alafu tunaongeza kitu kimoja baada ya kingine, na kila kitu tunakishikiza kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukumbushwa na mtu: kuoga, kuswali, kurudi kazini, kufunga mlango usiku.

Usiruke hatua. Kaa kwenye kila moja mpaka uone ile dalili niliyoandika, ndo uende mbele, hata ikikuchukua wiki mbili au tatu.

## Vitu utakavyohitaji

Vingi unavyo nyumbani:

- Ndoo na kopo la kuogea
- Sabuni ya kipande isiyo na manukato makali
- Dodoki
- Chupa ndogo ya mafuta ya nazi
- Jiwe la kusugulia visigino
- Leso mbili kuukuu za pamba, zile zilizooshwa mpaka zikalainika
- Chandarua kisicho na matundu
- Chupa ya maji ya lita moja yenye kifuniko
- Daftari la shule na kalamu
- Sukari na chumvi vya jikoni
- Feni, ukiwa nayo

Dodoki, jiwe na mafuta ya nazi tafuta Marikiti au Kongowea kabla hujaingia supamaketi. Chukua dodoki zima ulikate vipande mwenyewe, utatumia miezi. Chandarua, kama una mimba au una mtoto wa chini ya mwaka mmoja, uliza kliniki ya serikali unapohudhuria, huku Pwani hutolewa bure kwa hao.

Mafuta ya nazi yana kipimo chepesi. Mafuta halisi huganda yakiwa kwenye baridi ya chini ya digrii 24 au 25 hivi, na Mombasa mchana haifiki huko. Sasa ukiuziwa mafuta yaliyoganda saa saba mchana juu ya meza ya muuzaji, wala hayajatoka kwenye friji, jua yamechanganywa na kitu kingine. Ukiwa na nazi mbili tatu na mbuzi ya kukunia unaweza kujitengenezea: kamua tui zito, lichemshe kwa moto mdogo bila kuondoka jikoni mpaka maji yaishe na yale mabaki ya chini yawe kahawia, chuja kwa kitambaa kikavu, tia kwenye chupa kavu. Maji yakibaki ndani yataoza.

Kitu kimoja nakuomba sana usinunue: mkorogo na krimu za kung'arisha zisizo na lebo ya kueleweka. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Kenya kwenye vipodozi na bado zinauzwa kichochoroni. Zebaki inaharibu figo, na mtoto unayemlaza kifuani anaipata pia.

## Hatua ya 1: Lala kwanza

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu kuliko kote.

Mwili ili ulale lazima upoe kidogo. Mombasa, hasa kuanzia Januari mpaka Machi kaskazi ikivuma, joto la mchana linapita digrii 30 na hewa imejaa unyevu, kwa hivyo jasho halikauki na mwili haupoi. Juu ya hapo ukuta wa bloku na slabu vimekunywa jua mchana kutwa, na usiku vinaanza kulitoa lile joto ndani ya chumba. Ndo maana nje kuna kaubaridi na wewe ndani unatokota.

Fungua njia ya hewa mapema. Halati yangu anakaa ghorofani Mji wa Kale, na kila siku baada ya alasiri anafanya kitu kile kile: madirisha ya upande unaopigwa na jua anayafunga na kuangusha pazia, jua likishazama anafungua yote ya pande mbili pamoja na mlango wa kati, anauegemeza na jiwe la kusagia usijifunge. Ukisimama pale mlangoni unahisi upepo unapita miguuni. Chumba chake hakina AC na kinalalika. Hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea, dirisha moja peke yake halifanyi kazi.

Kama chumba chako ni cha dirisha moja, weka feni karibu na dirisha ikiangalia ndani, ivute hewa ya nje. Watu wengi wanaiweka pembeni ya kitanda mbali na dirisha, inazungusha joto lile lile usiku kucha na tokeni zinaisha.

Oga kama saa moja kabla ya kulala, kwa maji ya kawaida. Si ya barafu. Maji baridi sana yanafanya mishipa ya ngozi ijifinye, joto linabaki ndani, na dakika chache baadae unatoka jasho upya. Maji ya kawaida au ya uvuguvugu yanaleta damu karibu na ngozi na joto linatoka.

Leso mbichi. Lowesha leso, ikamue mpaka isidondoke, iweke shingoni au miguuni kuanzia magoti kushuka, upepo wa feni upite juu yake. Bila upepo haisaidii sana huku kwetu maana unyevu ni mwingi. Stima ikipotea, tandika mkeka sakafuni ulale hapo, joto hupanda juu na sakafu ndo pahali pa mwisho kupata moto. Ila chandarua ukishushe na huko chini pia, na ukichomeke chini ya mkeka kote, mbu akiingia mmoja hulali.

Kahawa na chai. Najua kahawa chungu ya barazani baada ya isha ina utamu wake na mazungumzo yake. Lakini kafeini haitoki mwilini haraka, baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo. Ukinywa saa tatu usiku, saa nane bado unayo. Kikombe cha mwisho kiwe alasiri, barazani kaa na wenzako na tende au maji. Muguka na miraa ni vile vile na zaidi, ukitafuna jioni usitegemee usingizi wa maana.

Simu. Iweke ichaji mbali na mkono, upande wa pili wa chumba. Ukitaka kengele ya kuamka bado utaisikia, tena itabidi uinuke kuizima.

Saa ya kuamka iwe moja kila siku, hata Jumapili. Saa ya kulala itajipanga yenyewe. Mwenye kuamka kwa adhana ya alfajiri tayari ana saa yake, hana haja ya kutafuta nyingine, bali asirudi kulala mpaka saa nne siku za mapumziko alafu ashangae Jumapili usiku macho makavu.

Kwa wenye zamu za usiku, walinzi, watu wa bandarini, watu wa hoteli: dirisha likingwe kwa leso nzito ya rangi ya giza, mwambie kila mtu nyumbani saa unazolala, na kama usingizi wa mchana unakatika katikati, lala vipande viwili, muda wa saa nne au tano ukirudi na muda wa saa mbili kabla ya kwenda. Ni bora kuliko kulazimisha.

Tahadhari. Usilale chumbani na jiko la makaa wala chetezo chenye makaa ya moto, hata kama umefukiza udi kidogo tu. Makaa hutoa hewa isiyo na harufu inayoua mtu akiwa usingizini. Fukiza mapema, toa chetezo nje, ndo ufunge mlango. Mshumaa karibu na chandarua pia hapana.

Umefanikiwa ukiona: unalala ndani ya nusu saa tangu uweke kichwa, unapata saa saba au karibu na hapo, na asubuhi hauamki na hasira na watu. Ukiwa unalala saa za kutosha na bado mchana unasinzia, au mwenzako anakwambia unakoroma mpaka pumzi inakatika, hilo si la mwongozo, muone daktari.

## Hatua ya 2: Maji

Usihesabu glasi. Angalia mkojo: ukiwa wa manjano hafifu uko sawa, ukiwa wa manjano iliyokolea au kahawia unadaiwa. Mtu wa ofisini yenye AC na mtu wa mkokoteni pale Kongowea hawawezi kupewa kipimo kimoja.

Jaza ile chupa ya lita moja usiku kabla ya kufunga mlango. Hiki ndo kishikizo chako. Asubuhi unaondoka nayo, na unakunywa kabla hujasikia kiu, kidogo kidogo. Ramadhani ipange kati ya futari na daku, usinywe yote kwa mkupuo ukisikia adhana inakaribia, utaishia kuitoa yote chooni.

Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kweli kweli kwa dakika moja. Gesi ikiwa imeisha kuna njia ya jua: maji yasiyo na tope, chupa ya plastiki angavu ya lita moja au mbili, ilaze juu ya bati kwenye jua kali kwa muda wa saa sita. Siku ya mawingu mengi iache siku mbili. Maji yakiwa na tope njia hii haifanyi kazi, yachuje kwanza. Na maji ya kisima cha mtaani yakiwa matamu mdomoni haimaanishi ni safi.

Kama umeharisha au umetoka jasho la kupindukia, maji matupu hayatoshi. Tia kwenye lita moja ya maji safi vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kufuta, si vya kilima. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Chumvi ikizidi inadhuru, hasa kwa mtoto, kwa hivyo ukiwa na shaka mwaga uanze upya. Hii ni ya siku ya ugonjwa, si ya kunywa kila siku.

Dafu ni zuri na ni letu, lakini mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza kwa sababu lina potasiamu nyingi, na mwenye kisukari asilihesabu kama maji.

## Hatua ya 3: Kuoga na ngozi

Hapa ndo watu huanzia na ndo hukosea zaidi, manake wanafuata video za watu wa nchi za baridi ambao ngozi zao zinakauka, na sisi shida yetu ni jasho, chumvi na jua.

Nyumba nyingi hapa bomba hutoa maji ya chumvi ya kisima. Sabuni haitoi povu, unasugua zaidi, unatia sabuni zaidi, unatoka bafuni ngozi inavuta na kuwasha. Fanya hivi:

1. Weka kando lita tatu nne za maji matamu, zile unazonunua kwa mtungi. Hizi ni za mwisho tu.
2. Oga na maji ya chumvi kama kawaida. Sabuni ipake kwapani, kinenani, miguuni na penye jasho. Mikono na mapaja hayahitaji sabuni kila siku.
3. Dodoki litumie mara mbili kwa wiki, pole pole. Ukilitumia kila siku unachubua ngozi na kisha unailaumu sabuni.
4. Jimwagie yale maji matamu kuanzia kichwani, yaondoe chumvi na mabaki ya sabuni.
5. Jifute kwa kugusagusa, ngozi ibaki na unyevu kidogo, alafu paka mafuta ya nazi matone machache tu kwenye miguu, viwiko na mikono. Mafuta hayaleti unyevu, yanaufunga ule uliopo, ndo maana yanapakwa ngozi ikiwa mbichi.
6. Dodoki lining'inize nje likauke juani. Likibaki bafuni linafuga vijidudu na siku ya pili unajipaka wewe.

Harara. Vile vipele vidogo vinavyochoma kama sindano shingoni, kifuani, chini ya maziwa na mgongoni, ni jasho limeziba ndani ya vitundu vya ngozi. Dawa yake ni kupoa. Osha kwa maji matupu, kausha taratibu, vaa dera au fulana ya pamba iliyo pana, kaa penye upepo. Usipake mafuta yoyote hapo, iwe ya nazi iwe ya mgando, unaziba zaidi. Loshen ya kalamine ya duka la dawa haina bei kubwa na inatuliza. Ikianza kutoa usaha au homa ikaingia, nenda zahanati. Kwa watoto wachanga ni vile vile, na poda msiwapulizie usoni, wanaivuta kifuani.

Fangasi ni kitu kingine. Inawasha, inakaa kinenani, kati ya vidole, au inafanya duara lenye kingo. Hapo unahitaji dawa ya fangasi, kama klotrimazoli, na uendelee kuipaka wiki moja au mbili baada ya kuona imepona, wengi wanaacha ikipotea machoni na mwezi ujao imerudi. Zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi zinatuliza muwasho kwa siku mbili huku fangasi inasambaa chini kwa chini.

Kwapa. Shabu. Kipande kimoja kinakaa mwaka. Lowesha, sugua kwapa safi, acha pakauke kabla ya kuvaa. Siku umenyoa usitumie, itakuchoma.

Uso. Maji na sabuni laini asubuhi na usiku, basi. Na tafadhali, kwa wote mnaoambiana mtandaoni, limau halipakwi usoni. Maji ya limau kwenye ngozi pamoja na jua letu yanaunguza, yanatoa malengelenge na kuacha madoa meusi ya miezi. Umetoka kutafuta uso mwangavu ukapata doa. Liwa ya msandali na marashi ni bora mara elfu, ila ijaribu kwanza sehemu ndogo ndani ya kiwiko, ngoja siku nzima, isipowasha ndo upake usoni.

Jua la saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni ndo kali. Mwavuli, kofia, mtandio, kivuli. Havikugharimu kitu.

Umefanikiwa ukiona: ngozi haivuti baada ya kuoga, harara imetulia, na jioni ukirudi kazini kwapa halijakutangulia kuingia ndani.

## Hatua ya 4: Miguu, mara moja kwa wiki

Magaga ya visigino tunayaona mengi kwa sababu tunashinda na ndara, kisigino kiko wazi kwenye joto na vumbi. Chagua usiku mmoja, Alhamisi wengi wanapenda.

Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo dakika kumi au kumi na tano. Usitie chumvi, inakausha. Sugua kwa jiwe kuelekea upande mmoja, taratibu, ondoa ile ngozi iliyolainika tu. Lengo si kumaliza leo, ukitaka kumaliza leo utafika kwenye nyama. Kausha mpaka kati ya vidole. Paka mafuta kisigino, si kati ya vidole, alafu vaa soksi kuukuu ulale. Joto likikushinda vaa saa moja uzivue.

Mwenye kisukari asiguse jiwe wala wembe, na asiloweke miguu. Hisia za miguu hupungua, unajichubua au unajiunguza bila kujua, na kidonda cha mguu wa kisukari ni jambo kubwa. Kazi yako wewe ni kuangalia nyayo kila usiku, ukishindwa kuinama tumia kioo au mwambie mtoto akuangalizie, na ukiona mchubuko wowote nenda kliniki kesho yake.

Baada ya wiki nne tano hivi kisigino hakikwami tena kwenye shuka.

## Hatua ya 5: Tembea, na ujue maji

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Igawe: nusu saa, siku tano. Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Huna haja ya jimu.

Kishikizo hapa ni safari ya kurudi nyumbani. Shuka stendi moja mbili kabla ya yako utembee. Wa kisiwani wana Mama Ngina, upepo wa bahari bure kabisa na njia ya kutembelea ni pana. Wa Bamburi na Kisauni wana Public Beach. Nenda kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja, na dada zangu, mtembee wawili watatu mpaka giza lisiwakute pahali pasipo na watu.

Kwa wanaopenda ufuoni, jambo linalowakatisha watu tamaa ni kufika na kukuta hakuna mchanga wa kutembelea, bahari imejaa mpaka ukutani. Hilo unaweza kulijua kabla hujalipa nauli. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, huku kwetu maji hujaa alasiri na alfajiri, na hupwa kama saa nne saa tano. Kwa hivyo jioni za bamvua nenda Mama Ngina. Kila siku inayopita maji yanachelewa kama dakika 50, na siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haijai sana na jioni unakuta mchanga mgumu mzuri wa kutembea peku. Ukiwa na shaka muulize mvuvi yeyote, atakujibu bila kuangalia simu.

Peku ni kwenye mchanga tu. Kwenye mwamba maji yakipwa vaa viatu, kuna wale wanyama wa baharini weusi wenye miiba mirefu, na mwiba ukikatikia ndani ya mguu ni kazi. Kuogelea usiogelee peke yako.

Mafanikio: unapanda ngazi za nyumbani bila kusimama katikati, na usingizi wa Hatua ya 1 unazidi kuwa mzito.

## Hatua ya 6: Kichwa na moyo

Daftari sasa. Kabla ya kuzima taa, andika dakika tano mambo ya kesho yanayokuzunguka: kodi, ada, mtoto anakohoa, bosi. Andika na kitu kimoja kidogo utakachofanya kwa kila jambo. Kichwa kinaacha kukariri kikijua pameandikwa. Hakuna mtu atakayesoma, kwa hivyo mwandiko na lugha yoyote.

Moyo ukienda mbio, vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, toa pole pole ukihesabu sita, endelea dakika tatu. Kutoa kuwe kirefu kuliko kuvuta, hapo ndo mwili unapata habari kuwa hakuna hatari. Unaweza kufanya ndani ya matatu na hakuna atakayejua.

Akina mama, nyinyi nawaambia peke yenu. Unapikia watu, unaogesha, unauguza mkwe, na ukikaa chini dakika kumi unajiona mwizi. Omba nusu saa yako waziwazi, kwa saa maalumu: "Baada ya magharibi mpaka isha niko chumbani, mwenye shida amuone baba yake." Siku za kwanza watagonga mlango. Wajibu kwa upole bila kufungua. Vaa kikuba chako cha asumini, jifukize, kaa kimya, lala chali, chochote, ila isiwe nusu saa ya kukunja nguo.

Na usiache watu. Kukaa barazani au kwenda kwa jirani kuzungumza ni kujitunza pia, hasa kwa wanaume ambao hubeba mambo mpaka yakawaangusha.

Tahadhari kubwa. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kukiendelea wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hilo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na dodoki halitibu. Nenda kituo cha afya, waambie hivyo hivyo. Piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya, kuna watu wa kukusikiliza. Na ukipata mawazo ya kujidhuru usingoje wiki mbili wala kesho, mwite mtu mmoja aje akae na wewe sasa hivi na mwende hospitali pamoja.

## Ukikwama

Nimeruka siku tatu. Rudi kwenye hatua ya mwisho uliyokuwa umeishika, si ya kwanza na si yote. Mara nyingi utakuta usingizi ndo ulioharibika, kwa harusi au msiba, utengeneze huo na mengine yatarudi.

Sina hela hata ya mafuta mwezi huu. Hatua ya 1, ya 5 na ya 6 hazihitaji kununua kitu. Fanya hizo.

Tunalala wanne chumba kimoja. Kubalianeni saa ya kuzima taa na simu, chandarua kimoja kikubwa, na anayetoka jasho zaidi alale upande wa dirisha.

Maji matamu hayapatikani. Kinga maji ya mvua. Masika ya Aprili na Mei Mombasa inanyesha vizuri, mapipa mawili na kipande cha mfereji vinatosha kwa maji ya kujisuuzia. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, na mapipa yafunikwe vizuri, mbu anayeleta dengi huzaa kwenye maji yaliyotulia kama hayo.